Jina la Shufflebottom halihusu makalio

Kwa muda mrefu watu wamelicheka jina la ukoo la Kiingereza Shufflebottom wakiamini kwamba babu wa ukoo huo alipewa kwa utani, kwa sababu alitembea akiburuza makalio: katika Kiingereza cha leo, shuffle ni kutembea kwa kujiburuza na bottom ni makalio. Dhana hiyo imezoeleka, lakini historia haiiungi mkono.

Shufflebottom ni jina la mahali. Linatokana na Shipperbottom, karibu na mji wa Bury katika eneo la kihistoria la Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambako vijito vimechonga mabonde membamba kati ya vilima vya malisho. Sehemu yake ya mwisho, katika Kiingereza cha kale, ilimaanisha sakafu ya bonde, na sehemu ya kwanza iliwataja kondoo pamoja na maji. Aliyehama kutoka huko aliitwa kwa jina la kwao, na matamshi yakapinda kadiri makarani walivyoandika walichosikia. Maana ya makalio, kwa upande wake, ilianza kuonekana katika maandishi mwishoni mwa karne ya 18, wakati majina ya namna hii yalikuwa na umri wa mamia ya miaka.

Ramsbottom, mji jirani ulio kando ya mto Irwell, una mwisho uleule, na ndio tunaoukuta, kwa tahajia nyingine, katika jina la mchezaji wa zamani wa kriketi Ian Botham, ambaye sijasikia akichekwa kwa hilo.

Leo Shufflebottom ni jina adimu, na wenye nalo bado hupatikana zaidi kaskazini-magharibi mwa Uingereza, baadhi yao wakiandika Shufflebotham.