Mkoba usio na ngozi, uangalie ukingoni

Mteja akishika mkoba wa ngozi bandia huupapasa mbele, halafu anaunusa. Mimi nashona mikoba, naanzia ukingoni.

Ngozi halisi ni kitu kimoja toka juu mpaka chini. Unaiparua iwe nyembamba, unaikunja. Au unaikata tu, unapaka ukingo rangi, kazi imekwisha. Ngozi bandia ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Ukiikata, nyuzi zinachungulia, ukiikunja, inatuna. Hata sindano si ile ile. Ya ngozi ina ncha kama kisu, inakata tundu, na mishono ikikaribiana mkoba unachanika pale pale kwenye mstari wa uzi. Weka sindano ya kawaida, refusha mshono.

Ndiyo maana namvulia kofia Stella McCartney, mbunifu wa mitindo wa Uingereza. Alianzisha chapa yake mwaka 2001 akikataa ngozi na manyoya, na mbia wake alikuwa kampuni ya Gucci, watu waliotajirika kwa ngozi! Mkoba wake wa Falabella umezungushiwa mnyororo wa chuma ukingoni. Wengi wanaona pambo. Mimi naona fundi aliyejua pa kufunika.

Tusimpambe kupita kiasi, lakini. Sufu na hariri anatumia, kwa hiyo mnyama hajatoka kabisa. Ila hata gundi zitokanazo na wanyama amezikataa, jambo ambalo wengi wetu hatumuulizi muuza gundi.

Ngozi bandia ya plastiki ya PVC aliiacha mwaka 2010. Poliurethani ni afadhali, ila nayo ni plastiki, na unyevu huivunjavunja taratibu. Anayeishi Tanga au Mombasa anajua: mkoba umekaa kabatini, ukiutoa unabanduka magamba. Tumaini lilikuwa Mylo, iliyotengenezwa kwa nyuzi za uyoga na kampuni ya Bolt Threads ya Marekani. McCartney alitoa mkoba wa Mylo mwaka 2022. Mwaka uliofuata uzalishaji ukasimama, fedha hazikupatikana.

Kwa hiyo mimi nashona zaidi turubai zito la pamba. Linakunjika, ukingo nauziba kwa utepe, likichafuka linafuliwa. Anayetaka kung'aa namshonea poliurethani, nikimwambia autundike mkoba panapopita hewa, asiufungie kwenye mfuko wa nailoni.