Jakaranda Zimechanua, Lakini Usipande Bado

Kila mwaka Septemba ikielekea ukingoni, simu yangu hujaa picha. Jakaranda za State House Road, jakaranda za Chuo Kikuu, zambarau juu na zambarau chini, na chini ya picha maneno ni yaleyale: "Machipuko yamefika! Miche lini?" Machipuko ni yale majira ya Ulaya ya miti kuamka baada ya baridi, na mimi ni muuza miche, kwa hiyo swali huniangukia mimi. Nimevumilia miaka mingi. Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mama msomi ninayemheshimu, alinitumia kalenda ya bustani iliyoandikwa na Mwingereza kwa ajili ya Waingereza, akiwa ameisogeza miezi sita kwa mkono wake. Hoja yake: Nairobi iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo Machi ya kule ni Septemba ya huku. Kalenda ikamwambia atandaze nyasi mpya wiki hiyohiyo. Nyasi! Mwisho wa Septemba, kwenye udongo ambao haujaona mvua ya maana tangu Mei. Mama, samahani, nimeona heri niandike hapa kuliko kukujibu kwa simu.

Tuanze na ikweta, maana hoja hii hunichosha kuliko zote. Ndiyo, tuko kusini, kwa digrii moja na ushee. Nanyuki ikweta inapita mjini. Je, wao hawana majira? Kitale iko digrii moja kaskazini. Je, kule majani yanapukutika kama Ulaya wakati sisi huku tunachipua? Ukienda Kitale Oktoba utawakuta kweli wanavuna mahindi, lakini si kwa sababu ya upande wa ikweta walioko. Ni kwa sababu mvua yao huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi karibu Septemba, msimu mmoja mrefu, ilhali yetu imekatika vipande viwili. Ikweta haina habari na mahindi ya mtu.

London mchana wa Juni unazidi saa kumi na sita, wa Desemba haufiki saa nane. Mti wa kule una kitu cha kupima. Nairobi tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwa mwaka mzima haifiki dakika kumi. Na joto? Julai mchana ni kama digrii 22, Machi ni 27 au 28. Tofauti kati ya saa nane mchana na alfajiri ya siku hiyohiyo ni kubwa kuliko hiyo. Mti wa Nairobi ungekuwa unasubiri joto, ungechipua kila siku saa sita na kulala kila usiku.

Sasa, simkatalii mtu hisia zake. Septemba mji hubadilika kweli, na mimi mwenyewe hufurahi kama mtoto nikivua sweta. Lakini kinachobadilika ni mawingu. Juni hadi Agosti tunafunikwa na lile wingu zito la chini linalokaa hadi saa sita, siku nyingine hadi jioni, na jua tunalisikia kwa watu wa Machakos. Likiondoka, mwanga hurudi, kuta hupata joto, watu hutoka nje. Tena jua lenyewe mwishoni mwa Septemba linapita juu kabisa ya vichwa vyetu. Ukisimama saa sita na nusu hivi kivuli chako kinaingia chini ya viatu. Litapita tena katikati ya Machi. Ukitaka kuita hayo machipuko, basi kubali kwamba tunayo mawili kwa mwaka, na kwamba yote mawili huja kavu. Ukanda wa mvua hufuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa. Jua linatangulia, maji yanafuata, na mimea ya huku inasubiri yale maji.

Kuna kundi la pili, nalo linanikera vilevile: wale wanaosema Nairobi haina majira kabisa, ni hali moja mwaka mzima, panda ukitaka. Hawa wengi wanaishi ghorofani. Muulize mkulima yeyote wa Kiambu. Ana mvua ya njahi kuanzia Machi, ana mvua ya mwere kuanzia Oktoba, ana gathano katikati na baridi yake, na ana Januari na Februari ya kuchoma. Pwani mvua hizo mbili wanaziita masika na vuli, wana kipupwe na kiangazi, na pepo za kusi na kaskazi za kupangia safari. Watu waliopanga chakula na vyombo vyao kwa karne nyingi kwa majira haya, halafu wewe unawaambia hayapo kwa sababu huoni theluji?

Ushahidi wangu ni kahawa, na hapa nitakaa kidogo. Kipindi cha ukame, kwenye vifundo vya matawi ya mkahawa hujitokeza vitumba vidogo vya kijani, vigumu, ukubwa wa punje ya mchele, vimebanana. Vinafika hapo na kusimama. Wiki zinapita havikui. Mvua ya kwanza nzuri ikinyesha, vitumba vinavimba, vinanyooka, vinageuka vyeupe, na baada ya siku kama kumi shamba zima linachanua kwa pamoja. Ukipita Ruiru asubuhi hiyo utanusa harufu kama ya asumini kabla hujaona ua. Siku mbili tatu, yamenyauka. Ya masika ndiyo yanayoleta mavuno makuu ya Oktoba hadi Desemba. Ya vuli yanaleta yale madogo ya katikati ya mwaka.

Zingatia jambo hili: mwenye kunyunyizia shamba kwa bomba anaweza kuchanuisha kahawa yake kabla ya mvua kufika. Maji peke yake yanatosha kuiamsha. Lakini, na hapa ndipo watu wanaponipotea, maji hayo hayana kazi kama ukame haukutangulia. Mkahawa unaolowa mwaka mzima huchanua ovyo, ua hapa ua pale, na kuvuna kwake ni mateso. Ukame ni sehemu ya kazi, mti unapokaa kavu unajitayarisha.

Ndiyo maana sielewi mtu anayemwagilia bogenvilia kila jioni tangu Juni hadi Septemba kisha ananiita kulalamika imetoa majani matupu. Bwana, umeinyima kiu! Funga bomba. Iache ijihisi imesahaulika. Itachanua kwa hasira.

Turudi kwa jakaranda. Kwanza si mwenyeji, asili yake ni Argentina na Bolivia, ikaletwa enzi za ukoloni kupamba barabara. Wenyeji wa ukoo wake tunao: Nandi flame, mvungunya, na ule mti wa maua ya manjano ambao Wajaluo huuita siala na Wakikuyu muu. Sina ugomvi na jakaranda, nimeuza nyingi. Ugomvi wangu ni kuifanya kalenda. Jakaranda hupukutisha majani ukame ukikolea, kisha huchanua juu ya matawi makavu. Maua yake yanakueleza kiangazi kilichopita, hayakuahidi mvua ijayo. Kwamba vuli hufuata baada ya wiki chache ni kweli miaka mingi. Mwaka 2020, 2021 na 2022 jakaranda zilipamba mji kama kawaida, na vuli zote tatu zikashindwa. Pamoja na masika mbili za katikati yake, sehemu kubwa ya nchi ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mwaka 2023 zikachanua vilevile, na Novemba mafuriko yakafuata. Maua yaleyale, majibu tofauti.

Nikubali pia kwamba hata sababu ya jakaranda kuchanua si nyepesi kama nilivyoisema. Vitabu vitakuandikia "huchanua baada ya kipindi cha ukame" na kufunga ukurasa. Mimi nina barabara moja huku Kilimani ambako mti unaochanua kwanza na unaochanua mwisho imepishana mwezi mzima, udongo mmoja, mvua moja, umri labda mmoja. Ulio karibu na lami hutangulia, ulio ndani ya ua wa mtu mwenye kumwagilia nyasi huchelewa na hubaki na majani, hilo naweza kulieleza. Lakini kuna miwili imesimama bega kwa bega kando ya lami na haikubaliani hata siku moja. Nasaba? Mzizi mmoja umeingia kwenye bomba la mtu? Pia wapo wataalamu wanaoamini miti ya ukanda wetu inaweza kuhisi hata zile dakika chache za kuchomoza na kuchwa kwa jua, licha ya dharau niliyozionyesha hapo juu. Siwezi kuwacheka. Kuna miti inayochanua pamoja nchi nzima kana kwamba imepigiana simu, na maji peke yake hayaelezi hilo.

Dalili ninazoziamini zaidi ni za miti, ndege na wadudu wa hapahapa. Mti wa mukinduri huchanua baada ya mvua nzito, kwa siku chache tu, na nyuki hawakai mbali. Kwera, wale ndege wafumaji, huanza kuvutana nyasi za viota. Na kumbikumbi: wakiruka jioni wengi, taa za kibanda cha mboga zikajaa mabawa, najua maji yameingia ardhini vya kutosha, si ile mvua ya kutuliza vumbi. Kwa waliopenda mbayuwayu wa kwenye kadi za Ulaya, wanaowasili huku kuanzia Septemba na Oktoba wanakimbia baridi ya kwao. Wanaondoka kurudi machipukoni Machi na Aprili. Wao wanajua machipuko yako wapi.

Hatari ya Oktoba ni mvua ya kudanganya. Inanyesha siku mbili, mji mzima unatoka na majembe, kisha jua kali wiki tatu. Miche inakaangika. Fukua kwa mkono: ukikuta kavu kabla ya kina cha kiganja hadi kiwiko, rudi nyumbani. Fuata pia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner, hasa wa vuli. Vuli hufungamana na joto la maji ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, hivyo hutabirika mapema kuliko masika. Masika bado inawasumbua wataalamu wa dunia nzima, kwa hiyo msimlaumu mtu wa redio peke yake.

Na kwa miti, nikilazimishwa kuchagua mwezi mmoja, sichagui Novemba. Serikali ilitupa sikukuu ya kupanda miti tarehe 13 Novemba 2023, na ardhi ilikuwa imelowa vizuri, hongera. Tatizo ni Januari. Mche wa Novemba hupata wiki chache za mvua, kisha unakabidhiwa kiangazi cha miezi miwili na mizizi mifupi, na waliopiga nao picha hawarudi na ndoo. Mche wa Aprili hupata mvua nzito, halafu lile wingu la Juni hadi Agosti tunalolilalamikia linauwekea mwavuli, maji hayakauki upesi, mizizi inashuka taratibu. Ile baridi mnayoichukia ndiyo yaya wa miche. Panda Novemba kama una maji na mtu wa kumwagilia hadi Machi. Vinginevyo subiri.

Cheri ya Japani nitaipitia haraka maana nimechoka. Mbegu unazoziona mtandaoni zenye picha za maua ya waridi hazitakuchanulia Parklands. Miti hiyo, pamoja na tulipu na matufaha mengi ya Ulaya, inahitaji wiki nyingi za baridi kali ndipo vitumba vifunguke, na baridi yetu ya Julai kwao ni mzaha. Kwa tufaha kuna aina zisizodai baridi nyingi, kama Anna, na hata hizo wakulima huzipukutisha majani kwa mkono ili kuzishtua.

Cha kufanya sasa hivi, jakaranda zikiwa zimechanua: kusanya samadi ioze, kata matawi makavu, tandaza majani makavu chini ya mimea uliyonayo, na uchimbe mashimo kama uko kwenye udongo mwekundu wa Lavington, Kabete au Kiambu. Mlio Syokimau, Kitengela na Embakasi, msijaribu. Udongo wenu mweusi Septemba umepasuka nyufa za kuingiza mkono, na jembe linadunda juu yake. Ukilowa sana nao unang'ang'ania jembe na viatu. Mna siku tano sita tu baada ya mvua ya kwanza, ukiwa umelainika na haujawa gundi. Wachimbaji siku hizo huwa wa kugombaniwa, kwa hiyo tafuteni wenu mapema na bei mkubaliane kabla wingu halijaonekana.