Uzamili wa huduma ya familia si leseni ya ushauri

Kwenye vikundi vya WhatsApp vya makanisa ya Nairobi kuna imani iliyoota mizizi: ukipata shahada ya uzamili ya huduma ya familia, siku ya mahafali unatoka na ruhusa ya kufungua ofisi ya ushauri wa ndoa. Sivyo.

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka anayefanya ushauri kama taaluma asajiliwe na bodi ya washauri na wanasaikolojia. Huduma ya familia kwa kawaida iko upande wa teolojia: Maandiko kuhusu ndoa na malezi, makuzi ya mtoto, kupanga mafunzo ya wachumba, kumtembelea mjane hata baada ya matanga. Tiba ya ndoa na familia ni kozi nyingine. Huko unaketi na wateja halisi, saa nyingi, chini ya msimamizi. Majina yanakaribiana, na hapo ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Je, shahada ya huduma ya familia haina faida? Mwalimu wa mtaa wa Umoja anayeongoza idara ya watoto Jumapili ataifaidi sana, pengine kuliko mchungaji wake. Masomo ya jioni na wikendi yaliwekwa kwa watu kama yeye, ingawa tasnifu haijali kwamba saa moja usiku bado umekwama kwenye foleni ya Jogoo Road.

Kabla ya kulipa karo, muulize msajili wa chuo: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeidhinisha kozi hii? Bodi ya washauri inaitambua? Akisema “usijali”, omba jibu kwa maandishi.