Makamasi ya kijani si lazima yatibiwe kwa antibiotiki

Mtoto akitokwa na makamasi ya kijani, wengi wetu hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini. Rangi hiyo hutokana na chembechembe nyeupe za damu zinazopambana na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Mafua ya kawaida huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 10. Kinachomsaidia ni matone ya maji ya chumvi ya dukani ya kuzibua pua, na kunyonya mara kwa mara. Asali (najua bibi wengi huipenda) asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka 1, kwa sababu ya hatari ya botulizimu, ugonjwa mkali wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli. Kitazame zaidi kifua. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya hata kama ni usiku.