Inchi nne siyo saizi ya rivolva

Nashona mikoba ya bastola hapa Mwanza, wateja wangu ni walinzi na watu wenye vibali vyao, na wiki hii imejirudia tena. Jamaa kanipigia kutoka Sengerema anataka mkoba wa kiunoni, namuuliza rivolva gani, ananijibu "fundi, Smith, ya inchi nne, 357, si unaijua". Siijui! Inchi nne ni mtutu, 357 ni risasi, na hiyo risasi Smith & Wesson wameiweka kwenye fremu J, K, L na N zote. Nikikata ngozi kwa kubahatisha, silinda, lile pipa la risasi linalozunguka, itacheza au haitaingia kabisa.

Fremu ndo mwili wenyewe, kile chuma kinachobeba silinda, mtutu na triga. Kwa unene wa silinda, J ni kama milimita 33, K 37, L karibu 40, N 43. X ya 2003 ni dude, tuiache.

Akasema basi ni K, "maana herufi zinapanda na ukubwa". Hapo ndo huwa nachoka. Ukitazama J, K, L, N utaona ngazi kweli, lakini M iko wapi? M ilitoka 1902 na ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote, kirivolva cha .22 kinachopotea kiganjani. K ni ya 1899, J imekuja 1950, sasa ngazi gani inajengwa hivyo? Na L ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 80 kwa sababu K zilikuwa zinachoka na 357 kali, na N ni nzito kuibeba kutwa, wakanenepesha mwili ila mpini wakaacha saizi ya K, ndo maana mtu akiishika tu anaapa ni K.

Tena herufi hizo ni za Smith peke yake. Colt, mtengenezaji mwingine, ana zake, rivolva yake Python ya 1955 ni fremu I na ni kubwa, wakati I ya Smith ilikuwa ndogo kuliko J. Ruger anakupa modeli tu, SP101, GP100.

Kuhesabu matundu ya risasi kwenye silinda nako hakusaidii, L zipo za tano, sita na saba. Na hata J yenyewe inanisumbua, za 357 zilizotoka miaka ya 90 fremu imerefushwa kidogo, kipande changu cha zamani cha kupimia ngozi kinazibana, nimekitanua na bado sijaridhika nacho.

Jana kaja nayo mwenyewe. Nikamwambia toa risasi zote kwanza, tukafungua silinda, matundu matupu, nikaweka venia, kile kipimo cha unene, kwenye silinda: milimita 39 na nusu. Nikamwonyesha pale kwenye fremu, mahali mkono unaobeba silinda unapojilaza ukifungwa, ambapo modeli imegongwa kwenye chuma. 686. Hiyo ni L, kaka.