Krosi seksheni si ardhi

“Nitumie DWG ya krosi seksheni, kyubiki utazipata kesho asubuhi.” Yaani: nipe faili la mchoro wa mikato ya barabara (ardhi ikionyeshwa kana kwamba imekatwa kwa kisu kukingama njia), nikupe mita za ujazo za udongo. Kauli hii nimeisikia mara nyingi hapa Arusha, na anayeitoa huwa hata hajaufungua huo mchoro.

Dhana: mikato ikiwa ndani ya CAD (programu ya kuchora kwa kompyuta), programu inajua ilipo.

Ukweli: haijui. Mikato imepangwa kwenye karatasi kama nguo kwenye kamba. Kwa Arc 1960 ukanda wa 37 Kusini (mfumo wa vipimo vya ramani), N (namba ya kaskazini, kwa mita) ya mjini hapa inacheza kwenye 9,627,000. Ukibofya mstari wa mkato unasoma 540, yaani mahali pake kwenye karatasi tu. Kila pointi isomewe umbali wake kutoka mstari wa kati, levo yake (kimo) na cheneji ya mkato (umbali wake kutoka mwanzo wa barabara), kisha ifuate mstari wa barabara hadi mahali pake. Na hiyo levo ina mtego: wima huwa umekuzwa. Mlalo ukiwa 1:200 na wima 1:20, wima umekuzwa mara kumi: pointi iliyo uniti 24 juu ya datum (mstari wa levo ya msingi wa mchoro) ya 1385.00 ni 1387.40, si 1409. Ukipima eneo bila kulirekebisha, mita za mraba 12 zinageuka 120. Bili ya namna hiyo inaweza kuvunja urafiki.

Dhana: pointi zikishakaa mahali pake, uso (umbo la ardhi ndani ya kompyuta) umepatikana.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Programu huunganisha pointi kwa pembetatu, na yenyewe haijui mtaro ni nini. Pointi za mkato mmoja zimeachana mita moja au mbili, lakini mkato unaofuata uko mita 20 mbele. Basi chini ya mtaro hapa panaweza kufungwa na bega la barabara kule, na mtaro unageuka mlolongo wa vidimbwi. Dawa ni brekilaini, mistari ambayo pembetatu haziruhusiwi kuikatiza: chini ya mtaro kwa chini ya mtaro, ukingo kwa ukingo, mkato hadi mkato. Ni kazi ya mkono, inachosha, na hakuna njia ya mkato (samahani kwa neno). Chora pia mpaka wa nje, la sivyo kwenye kona pembetatu zitakatiza upande wa ndani na kujaza udongo kwenye shamba la mtu.

Hata brekilaini zina kikomo. Chukua barabara ya kupanda Kibosho, nje ya Moshi, ambako makorongo hayana adabu. Mikato iko 1+240 na 1+260 (cheneji ya mita 1,240 na 1,260). Korongo la umbo la V, upana wa mita 6 na kina cha mita 3, linapita 1+250. Uso utapita juu yake kama ubao. Kwa tuta la upana wa mita 10, umepoteza mita za ujazo 90. Korongo ambalo sarveya hakulipima halipo kwenye kompyuta.

Dhana: hesabu ya uso ikitofautiana na wastani wa maeneo mawili (ya mikato miwili jirani, mara umbali kati yake), mojawapo ni wizi.

Si lazima. Mkato wa mita za mraba 30 ukiishia sifuri ndani ya mita 20, wastani unatoa 300. Kama unapungua upana na kina kwa pamoja, kama piramidi, kweli yake ni 200. Soma mkataba unataka njia ipi kabla ya kugombana na mhandisi mshauri.

Na wanaogawanya kyubiki kwa ujazo wa tipa wapate tripu: udongo ukichimbwa huvimba, ukishindiliwa hujibana. Zile 90 za korongo hazitatoshwa na tipa tisa za kyubiki kumi.

Mimi nikimaliza, hutoa mikato mipya kutoka kwenye uso kwa cheneji zile zile na kuilaza juu ya ile ya mwanzo. Isipolingana narudi kwenye brekilaini. Ikilingana, namwomba sarveya anipimie levo chache katikati ya mikato, na ya kwanza kabisa huwa pale penye korongo.