Vizimba Vikijaa: Hesabu Inayoamua Paka na Mbwa Gani Wataishi

Katika kituo cha kulelea wanyama, Jumatatu ndiyo siku ya matenga. Watu wanaosafisha stoo zao mwishoni mwa wiki hukuta watoto wa paka nyuma ya mapolo ya mkaa, huwatia ndani ya tenga au boksi la sabuni, na asubuhi mlango wetu hufunguliwa kwa vilio vyembamba kabla hata ya salamu. Mimi ni daktari wa wanyama hapa Unguja, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni kwa nini vituo kama hivi, hapa na ng'ambo, huwaua paka na mbwa wasio na ugonjwa wala ukali.

Natumia neno kuua kwa makusudi. Wapo wenzangu wanaosema kwamba wamemlaza mnyama au wamempumzisha, na kwa paka aliyevunjwa uti wa mgongo na gari, ambaye hakuna tiba ya kumrudisha, sindano ile ni rehema na sina neno nayo. Ninayemzungumzia ni mnyama anayekula vizuri na kukubali kushikwa, ambaye kosa lake ni kufika siku ambayo hakuna nafasi. Katika kituo nilichoanzia kazi, ambacho sitakitaja, nilishika sindano hiyo mara nyingi, na kila mara tulijiambia kwamba tatizo ni uhaba wa watu wenye huruma. Ilinichukua muda kutambua kwamba huruma haikuwa imepungua, bali hatukuwa tumepiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuchukulie kituo chenye vizimba 40 kinachopokea wanyama wawili kwa siku, na kila mmoja hukaa siku 30 kwa wastani hadi apate mlezi. Wawili mara 30 ni 60, kwa hiyo kituo hicho kitakuwa na wanyama 20 wasio na pa kuwekwa, hata wafanyakazi wake wawe wema kiasi gani. Wengi hukimbilia kujenga vizimba 20 vingine, lakini mikono inayosafisha hubaki ile ile, kila jambo huchelewa zaidi, siku za kukaa huongezeka, na vizimba vipya navyo hujaa. Kituo hicho hicho kikipunguza ukaaji hadi siku 20, wanyama watakuwa 40 na kila mmoja atakuwa na mahali pake, bila tofali moja kuongezwa.

Siku hizo huibwa na mambo madogo sana. Mbwa aliyefika Ijumaa husubiri upasuaji wa Alkhamisi. Paka ambaye tayari ana mtu anayemtaka husubiri simu ambayo kila mfanyakazi anadhani mwenzake ameshaipiga. Na watu wa kazini hawawezi kuja kutazama wanyama kwa sababu tunafunga saa ile ile wanayotoka. Ndiyo maana kila asubuhi tunapita kizimba kwa kizimba na kuuliza: huyu anasubiri nini? Mara nyingi jibu linatuaibisha.

Kuna sababu nyingine ya kuhesabu siku. Afya ya mnyama si mali ya kudumu, na kituo kilichojaa ndicho kinachoiharibu. Paka wengi hubeba mwilini virusi vya mafua ya paka vilivyotulia, na hofu ya kufungiwa mahali pageni, huku mbwa wakibweka upande wa pili, huviamsha. Paka aliyeingia akiwa na macho maangavu huanza kupiga chafya, macho hutoa usaha, hakuna anayetaka kumchukua, na baada ya wiki mbili daftari linamwandika kuwa mgonjwa, kana kwamba alikuja na ugonjwa kutoka mtaani. Kwa watoto wa mbwa hatari kubwa ni virusi vya parvo, vinavyoharisha damu na vinavyoweza kuishi katika udongo kwa miezi. Kwa hiyo chanjo hutolewa saa ile ile mnyama anapoingia, kabla hajaonja hewa ya ndani, na kila paka hupewa boksi la kujificha. Watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba paka waliopewa boksi walizoea kituo upesi kuliko wasiopewa, na boksi la maziwa ya kopo hupatikana bure katika duka lolote.

Hata hivyo, ukaaji ni nusu tu ya kuzidisha. Nusu ya pili ni mlango, yaani idadi ya wanaoingia kila siku. Hapa maumbile ya kisiwa chetu yanatupa mzigo ambao wenzetu wa kaskazini hawanao. Paka jike huingia kwenye joto, yaani huwa tayari kupandwa na dume, kwa kufuata urefu wa mchana: katika nchi za baridi mchana ukifupika hupumzika, na vituo vya huko hupata miezi ya nafuu. Zanzibar iko kama digrii sita kusini mwa ikweta, mchana wetu haubadiliki kwa kiasi cha kumshitua paka, na hivyo huzaa mwaka mzima. Mimba ni wiki tisa hivi, mtoto wa miezi mitano anaweza kubeba yake, na mama anaweza kushika nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha. Kuwatafutia walezi wote hao ni kukinga mvua ya masika kwa kata.

Huko Marekani shirika la kutetea wanyama la ASPCA lilikadiria kwamba wanyama waliouawa vituoni walipungua kutoka milioni 2.6 kwa mwaka mnamo 2011 hadi kama 920,000 mnamo 2019. Walezi waliongezeka, ni kweli, lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa San Jose, California. Kituo cha huko kiliwahasi na kuwarudisha mitaani paka zaidi ya 10,000 kati ya 2010 na 2014. Paka walioingizwa walipungua kwa karibu asilimia 29, na sehemu ya waliouawa ikashuka kutoka zaidi ya asilimia 70 hadi 23. Paka hao hawakupewa walezi, walirudishwa walikotoka.

Nikitazama paka wa Darajani, wa soko la samaki la Malindi na wa Forodhani jioni, naona kwamba njia hiyo inatufaa kuliko hata wao. Paka hawa wana pa kulala, wana wauza samaki wanaowatupia vichwa vya changu, na wana baraza zinazowatambua. Kumtia shume wa Malindi kizimbani ili atafutiwe mlezi ni kumtafutia alichonacho. Na kwa kuwa hajazoea kushikwa, hofu yake husomwa kuwa ukali, na ukali humfikisha kwenye sindano. Kumwondoa moja kwa moja pia hakusaidii, kwa maana penye chakula hapakai patupu, na wiki chache baadaye huja wengine ambao hawajahasiwa. Tunachofanya ni kuzungumza na sheha, kutega mitego ya kizimba yenye dagaa, kumhasi dume na kumfunga kizazi jike, kuwachanja, kisha kuwarudisha.

Wako wazee wanaoniuliza iwapo dini inaruhusu. Siwajibu kwa fatwa, kwa sababu wanazuoni wana kauli tofauti juu ya kuhasi. Humwelekeza mwenye shaka kwa sheikh wake, nami husubiri. Kwa paka mazungumzo huwa mepesi, maana kila aliyesoma chuoni anaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula na bila kumwacha ajitafutie.

Kwa mbwa hali ni nyingine. Wengi wetu ni Mashafii, mate ya mbwa kwetu ni najisi inayooshwa mara saba, na anayebandika tangazo la kumtafutia mbwa nafasi sebuleni anapoteza karatasi. Lakini mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda ana ruhusa yake, na walezi wetu wa kweli wako huko: wenye mashamba na wasasi wa nguruwe mwitu. Baadhi yao huhofu kwamba mbwa aliyehasiwa hatalinda tena. Hulinda, na hazururi.

Wageni wa hoteli huahidi kuwachukua mbwa kwenda Ulaya, na nia yao ni njema, ila kalenda inatuumiza. Mbwa anayetoka Tanzania kwenda Umoja wa Ulaya huwekewa chipu ya utambulisho, huchanjwa kichaa cha mbwa akiwa na wiki 12 au zaidi, hutolewa damu ya kupimwa baada ya siku 30 au zaidi, kisha husubiri miezi mitatu kamili. Mtoto wa mbwa hawezi basi kuondoka kabla ya miezi kama saba, na akisubiri kizimbani amezuia nafasi ya wengine watano. Siku hizi siipokei ahadi hiyo bila nyumba ya muda ya kumhifadhi.

Chanjo hiyo ya kichaa ina kazi kubwa zaidi, kwa kuwa mbwa mmoja akiuma mtu katika kijiji kisichochanja, kijiji kizima hutaka mbwa wote waondolewe. Pemba inatufundisha: uchanjaji ulianza 2010, ugonjwa ukatoweka 2014, ukarudi 2016 baada ya kuingizwa upya, na ukakomeshwa tena kufikia 2018 kwa kuchanja. Shirika la Afya Duniani linahimiza kuchanja asilimia 70 ya mbwa.

Kuhusu matenga ya Jumatatu, ombi langu ni moja. Ukikuta watoto wa paka stoo, waache hapo kwa saa kadhaa, kwani mara nyingi mama yao ameenda kutafuta chakula na atarudi. Akirudi, wape nafasi yao, na mlete kila mmoja akifika kilo moja ili ahasiwe au afungwe kizazi, pamoja na mama yao. Mizani ya muuza dagaa inatosha kumpimia.